Umeme wa Bwenini ni wa Nani? Hotuba kwa Wanafunzi Wapya

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, viongozi wa mabweni na wafanyakazi wa chuo chetu katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Wengi walikuwa bado safarini au kwenye foleni ya usajili, wakaomba niyaweke kwa maandishi. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mshauri wa Wanafunzi, ndugu viongozi wa serikali ya wanafunzi, mafundi wetu wa Idara ya Milki inayotunza majengo, walinzi, wahudumu wa mabweni, na ninyi wanangu wa mwaka wa kwanza, itifaki imezingatiwa. Habari za jioni?

Naomba mnyooshe mikono. Nyumbani kwenu, nani kabla ya kusafiri alijua uniti za umeme zilizobaki kwenye mita ya LUKU? Naona mikono mingi sana. Asanteni, shusheni. Sasa nawageukia wanaoendelea, mwaka wa pili na wa tatu. Hapa bwenini, nani anajua jana jengo lenu lilitumia uniti ngapi? Mbona kimya? Viongozi wa mabweni mlioketi mbele, hata ninyi?

Basi tulitazame jambo hili pamoja. Kijana yule yule anayemgombeza mdogo wake kwa kuacha taa ya uani inawaka mchana, akishakaa chuoni muhula mmoja anatoka chumbani feni inazunguka, pasi iko kwenye soketi, taa mbili zinawaka, anafunga mlango na kwenda kipindini. Je, malezi yalimtoka ndani ya basi la kutoka Mbeya? Je, kuna aliyemfundisha kwamba umeme wa chuo hauishi? Hapana. Mtu ni yule yule. Alikohamia ndiko kulikobadilika. Kwao mita iko ukutani, ikikaribia kuisha inalia nyumba nzima inasikia, na kuna mtu atauliza, "Nani kaacha pasi?" Hapa mita imefungiwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao fundi, bili inakwenda kwa mhasibu, na hakuna anayeuliza.

Mimi ni mwalimu wa saikolojia, na nitakachokisema leo ni hiki. Tumebandika mabango ya "Zima taa" kwa miaka mingi tukidhani wanafunzi hawajui, na kumbe wanajua vizuri. Kinachokosekana ni mambo mawili: umeme kuwa na mwenyewe, na matumizi kuwa na anayeyaona.

Nianze na la mwenyewe.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu jijini New York. Mwanafunzi aliwekwa peke yake chumbani, akazungumza kwa spika na wanafunzi wenzake waliodaiwa kuwa vyumba vya jirani. Mazungumzo yalihusu maisha ya chuo, jinsi yanavyochosha. Katikati ya mazungumzo mmoja wao akaanza kushikwa na kifafa. Sauti ikakatika, akaomba msaada, akawa kama anakabwa. Sauti ile ilikuwa imerekodiwa, lakini aliyekuwa akisikiliza hakujua.

Wale walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Wale walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka ni asilimia 31 tu. Na msidhani waliobaki walikuwa na roho mbaya. Mtafiti alipoingia aliwakuta mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho, wanauliza kama yule mwenzao anahudumiwa. Waliumia. Lakini kila mmoja alikuwa na wengine wanne wa kumwachia.

Ndugu zangu, kama watu wanaweza kuachiana uhai wa mtu, wataacha kuachiana swichi?

Ukumbi wa mihadhara una watu mia tatu. Kipindi kinaisha saa moja usiku. Mhadhiri anachomoa flashi yake, projekta anaiacha. Wanafunzi wanatoka kwa makundi, wale wa nyuma wanabaki wanapiga picha ubao. Mmoja anatazama feni juu, anatazama swichi zilizo mlangoni, nane kwa safu, hazina maandishi ya kuonyesha ipi ni ya nini, anasema moyoni mlinzi atapita. Mlinzi anapita, anaona taa, anasema labda kuna watu wanaopiga msuli, wanajisomea. Asubuhi mhudumu anakuta ukumbi umewaka usiku kucha, anafagia, anaondoka, kwa sababu kazi aliyopewa ni kufagia. Tumlaumu nani hapo? Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ina akili. Ndivyo mali ya umma inavyogeuka shamba la bibi, bila mwizi hata mmoja kuonekana.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana wengi wanaolijua jaribio la kifafa hawaijui habari hii. Darley huyo huyo alikuja kufanya kazi Chuo Kikuu cha Princeton. Miaka ya sabini mafuta yalipanda bei, Marekani ikatikisika, na watafiti wa Princeton walikuwa wakizichunguza nyumba za mji mdogo uitwao Twin Rivers, jimbo la New Jersey. Darley na mwenzake Clive Seligman wakafanya jambo ambalo ukilisikia utaona ni dogo mno. Baadhi ya nyumba waliziambia, karibu kila siku, zilivyotumia umeme. Hawakuwapa taa mpya, hawakuwapa fedha, hawakuwahutubia. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1977 ni kwamba nyumba zilizoambiwa zilitumia umeme pungufu kwa asilimia 10.5 kuliko zile ambazo hazikuambiwa.

Mimi naona mantiki moja katika kazi hizo mbili za Darley. Mtu akijua kwamba jambo limesimama mlangoni pake, anaamka. Akidhani limesimama mlangoni pa wengi, analala.

Na ninyi mmeshayaona haya bila kwenda Princeton. Nani hapa amewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye mita moja? Mnacheka, mnajua ninakoelekea. Vyumba sita, kila mwezi mnachangia sawa. Chumba cha kwanza kuna fundi cherehani, pasi inawaka tangu asubuhi. Chumba cha tatu kuna dada mwenye friji la kuuzia barafu na juisi. Chumba cha sita kuna mwalimu mwenye taa moja na simu. Mwalimu anasema, kama nalipia friji la mtu basi na mimi nanunua jiko la umeme. Mwezi wa pili kila mtu anatumia kwa hasira, uniti hazimalizi wiki, na ugomvi unafika kwa mjumbe. Mwenye nyumba akishafunga mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi unaisha. Yule dada wa friji anaanza kujaza barafu usiku na kutofungua mlango ovyo mchana. Hakuna aliyempa semina.

Sisi chuoni tumewaweka mamia ya watu kwenye mita moja, halafu hata kuisoma hatuwaruhusu.

Nije kwenye la pili, nani anaona.

Mwaka 2014 Magali Delmas na Neil Lessem walichapisha utafiti uliofanyika kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kwanza wanafunzi walipewa taarifa za chumba chao, siri yao, waweze kuona wenyewe wanavyotumia. Mnadhani ilisaidia? Haikusaidia. Kisha matumizi yakawekwa hadharani, kwenye mabango ya bwenini, kila chumba kikionekana kama kiko juu ya wastani au chini yake. Hapo umeme ulipungua kwa asilimia 20, hasa kwa sababu watu waliacha kupasha na kupoza vyumba kupita kiasi.

Angalieni tofauti na Twin Rivers. Kule mwenye nyumba analipa bili, kwa hiyo kuambiwa peke yake kulitosha. Bwenini hakuna anayelipa kwa uniti, kwa hiyo kujua peke yako hakuumi. Kinachouma ni wengine kujua. Kwa mabweni yetu, huo ndio utafiti ninaouona una maana kuliko tafiti zote nitakazozitaja leo.

Na binadamu hapendi kukiri hivyo. Mwaka 2008 Jessica Nolan, Robert Cialdini na wenzao walionyesha jambo la ajabu kule California. Waliwauliza watu, kwa nini unaokoa nishati? Watu wakasema mazingira, wakasema faida kwa jamii, wakasema fedha. Majirani wakawekwa mwisho kabisa. Lakini ukitazama nani hasa anaokoa, yaliyoambatana zaidi na matumizi yake ni yale anayoamini kuhusu majirani zake. Na walipogawa ujumbe nyumba kwa nyumba, ule wa "majirani zako wanafanya hivi" ndio uliopunguza umeme kuliko mingine.

Je, basi tubandike majina? Hapana, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo viongozi wetu wanaweza kuharibu.

Sababu ya kwanza imetoka kwa watafiti wale wale. Mwaka mmoja kabla, mjini San Marcos, huko huko California, Wesley Schultz na wenzake waliwaandikia wenye nyumba wakiwalinganisha na majirani. Waliokuwa wanatumia sana walipunguza. Lakini waliokuwa wanatumia kidogo, walipojua wako chini ya wastani, wakaongeza! Wakajiona wajinga wanaojibana bure. Dawa ilikuwa nini? Alama ndogo ya uso unaotabasamu pembeni ya namba zao. Pongezi ile ndogo ilitosha, hawakuongeza tena. Kwa hiyo ukibandika wabaya tu bila kuwapongeza wazuri, wazuri watakwenda kuwa wa wastani.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu, haimo kwenye vitabu vya California. Tunajua kubebana kupo. Tusijifanye hatujui. Chumba cha watu wanne wanalala saba, kwa sababu kuna wenzetu hawakupata nafasi na bumu, yaani mkopo wa kujikimu, halitoshi kupanga mtaani. Chumba kile kitachaji simu saba, kompyuta mpakato tatu, feni haitazimwa. Ukikiandika kwenye ubao kwamba ndicho kibaya kuliko vyote, umemwadhibu nani? Umemwadhibu mtu aliyemhifadhi mwenzake. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Tupime ghorofa na ghorofa, na kila ghorofa ishindane kwanza na mwezi wake uliopita.

Kwamba ghorofa zinaweza kushindana si ndoto. Cape Town, kwenye jengo la ofisi za serikali ya jimbo lenye ghorofa 24, watafiti waliweka mashindano ya ghorofa kwa ghorofa. Ghorofa zilizoshindana zilipunguza umeme kwa asilimia 9. Zile ambazo juu ya mashindano zilikuwa na mtu wao mmoja wa kulisimamia jambo hilo zilifika asilimia 14. Mnaona? Anayeona akiongezewa na mwenyewe, kazi inafanyika. Na wale ni watumishi wa umma, hawalipi bili ya ofisi, kama ninyi msivyolipa ya bwenini.

Kwa upande wa vyuo, Oberlin, chuo kidogo jimboni Ohio, mwaka 2005 kilishindanisha mabweni kwa wiki mbili. Umeme ulishuka kwa wastani wa asilimia 32. Mabweni yaliyoweza kuona matumizi yake papo hapo kwenye skrini yalishusha asilimia 55. Ni namba kubwa, lakini wiki mbili ni wiki mbili. Mtu anaweza kukaa gizani wiki mbili kwa ajili ya ushindi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwatumia watu kadi za kila wiki kuwaambia tu kwamba wamo kwenye utafiti wa umeme, basi. Matumizi yakapungua asilimia 2.7. Kadi zilipokoma, yakarudi. Kwa hiyo ubao wa matumizi tutakaouweka ukifutika mwezi wa pili, msitegemee miujiza.

Nigusie haraka jambo la kubana pasipofaa. Mwaka 2010 Shahzeen Attari na wenzake waliwauliza Wamarekani 505, njia bora ya kuokoa nishati ni ipi? Wengi walitaja kuzima vitu, kama taa. Walipokadiria vifaa, vile vidogo walivikuza kidogo, vile vikubwa wakavipunguza mno. Sisi ni hivyo hivyo. Tupige hesabu, mkikumbuka uniti moja ni kifaa cha kilowati moja kikiwaka saa moja. Ndoo ya lita 20, ukiipasha kwa hita kutoka nyuzi 25 hadi 45, inakula karibu nusu uniti. Kwa nusu uniti hiyo, taa ya LED ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 50. Kwa hiyo mtu anayezima taa kwa uaminifu halafu anapasha ndoo asubuhi na jioni anajidanganya. Wa Mbeya na Njombe, nimewasikia mnaguna. Sisemi muoge maji ya baridi mkiugua. Nasema pasha nusu ndoo, changanya, oga. Na hita ile ya waya kwenye ekstensheni iliyochoka mnajua inavyoyeyusha soketi. Hapo uniti ndilo dogo, moto ndio mkubwa.

Na kabla hamjaniuliza, naomba niseme la wakubwa. Kiyoyozi cha ofisi kikiachwa Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, hiyo ni saa 64. Kikiwa cha kilowati moja na kikafanya kazi nusu tu ya muda huo, zimekwenda uniti 32, ndoo zaidi ya sitini za maji ya moto, na ofisini hakuna mtu. Tutawaambia nini wanafunzi? Ghorofa za utawala nazo ziwe ubaoni. Nimemwomba Mshauri wa Wanafunzi alifikishe hilo, na namshukuru ametikisa kichwa kukubali mbele yenu.

Kijana mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi, nalisoma: "Mwalimu, mgao umekwisha, bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, tubane ya nini?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba megawati za bwawa hilo la Mto Rufiji haziji bure hapa. Zinapita kwenye transfoma ya chuo, ambayo usiku wa mitihani inazidiwa mpaka mnalala gizani, na zinalipiwa kwa fungu lile lile linalonunua kemikali za maabara na vitabu. Sitawaahidi kwamba shilingi itawabadilisha, kwa sababu ushahidi unanikataza. Huko huko Los Angeles, kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia, nyumba 118, waliotumiwa ujumbe wa fedha watakazookoa hawakupunguza kitu. Walioambiwa kuhusu moshi wa mitambo ya umeme na magonjwa ya watoto, pumu na saratani, walipunguza asilimia 8, na wenye watoto asilimia 19. Watu hubana kwa ajili ya mtu wanayemwona. Kwenu ninyi mtu huyo ni mwenzenu wa maabara anayefanya jaribio kwa kutazama picha kwa kuwa kemikali zimekwisha.

Sasa nageukia mwaka wa kwanza peke yao. Kwa nini nimetaka kuzungumza wiki hii na si mwezi wa sita? Mwaka 2016 Bas Verplanken wa Chuo Kikuu cha Bath na Deborah Roy walichapisha utafiti wa watu 800 wa mji wa Peterborough, Uingereza. Nusu walikuwa wamehamia nyumba mpya karibuni, nusu hawakuhama. Katika kila kundi baadhi walipewa msaada ule ule wa kubadili mienendo 25 midogo ya kila siku, wengine hawakupewa. Kati ya waliosaidiwa, waliohama ndio walioshika zaidi, na dirisha lenyewe lilikuwa kama miezi mitatu tangu kuhama. Baada ya hapo, mazoea yana taabu. Ninyi mmehama juzi. Bado hamjajua hata swichi ya choo iko upande gani. Namna mtakavyotoka chumbani wiki hii ndiyo mtakavyotoka mpaka mnahitimu.

Na mnafundishana hata msipozungumza. Watafiti Dwyer, Maki na Rothman walilijaribu hilo mwaka 2015 kwenye vyoo vya chuo, mahali ambapo hakuna anayekutazama. Mtu aliyeingia akakuta taa imezimwa alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuizima alipotoka. Aliyeikuta inawaka mara nyingi zaidi aliiacha inawaka. Taa uliyoizima ni ujumbe kwa anayekuja nyuma yako, na unasomeka kuliko bango.

Naomba jambo moja lisieleweke vibaya. Taa za korido, za ngazi, na za njia ya kutoka maktaba kuja mabweni ya wasichana zisiguswe. Usalama wa binti anayetoka kusoma saa tano usiku hatuuweki kwenye mashindano. Atakayeizima taa ile ili ghorofa yake ishinde, ghorofa hiyo iondolewe. Na chumba cha kujisomea kikiwa na mtu hata mmoja, kiwake.

Mafundi wa Milki wamekubali kufungua vyumba vya mita kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na wameanza kufunga mita za ghorofa kwenye mabweni mawili ya kwanza. Ubao utakaa penye ngazi, kila mtu anapopita. Kila ghorofa ichague mtu wake wa kusoma mita, abadilishwe kila mwezi, na jina lake liandikwe juu ya ubao pamoja na namba ya wiki iliyopita. Mezani pale nyuma ameketi fundi na daftari. Wanaotaka kuanza mwezi huu wajiandikishe kwake kabla hatujatawanyika, na atawaonyesha jinsi mita inavyosomwa, maana ile ya jengo haifanani na ya nyumbani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.